Saa ya Urojo

Pweza niliyeletewa usiku wa kwanza Unguja alikuwa ameganda, akayeyuka, kisha akagandishwa tena. Sikuhitaji kuonja mara mbili. Mimi ni fundi majokofu, huu mwaka wa 14, na nyama iliyopita mlango wa friza mara mbili naijua kama mwalimu anavyomjua mtoto aliyenakili hesabu za jirani. Inatoa maji. Ukiibonyeza kwa uma inabonyea na hairudi. Mchuzi wa nazi uliomwagwa juu yake ulikuwa mtamu, sina ugomvi nao, lakini chini ya mchuzi palikuwa na raba.

Mkahawa wenyewe siutaji. Ulikuwa juu, ghorofa ya tatu, unaitazama bahari, meza zina vitambaa vyeupe na mishumaa kwenye glasi. Jua lilipokuwa linazama ngalawa zilipita mbele yetu moja moja, polepole, utadhani zimelipwa. Kwenye simu mahali pale pana nyota nne na nusu. Siku mbili baadaye ndipo nilipoelewa kwamba nyota zile walipewa machweo. Bili ilikuja shilingi 48,000, mtu mmoja na soda moja, nikaikodolea macho kama mtu anayesoma luku iliyobakisha yuniti mbili.

Nilizaliwa Singida, naishi Dodoma. Novemba iliyopita ofisi ilinituma Unguja siku sita kufufua chumba cha baridi cha hoteli moja Mji Mkongwe: kompresa imeungua, gesi imevuja, raba ya mlango imeliwa na chumvi ya bahari. Kazi ya kawaida. Posho haikuwa mbaya, na kabla sijapanda boti pale Dar nilijiapiza kwamba siku zote sita sitagusa chipsi mayai. Mtu aliyekuzwa kwa mlenda na ugali wa uwele ana haki ya kuota vitu vya nazi.

Sasa, kazi hii imenizungusha nchi, na kila fundi wa kuzunguka ana kanuni zake za tumbo. Yangu ya kwanza ni malori. Nikifika mji nisioujua, naangalia mchana malori ya masafa yameegeshwa wapi. Dereva wa lori hawezi kucheza na chakula. Anajua tumbo likimchafuka njiani, mzigo unalala na yeye analala nao. Kanuni hii imenilisha vizuri Nzega, Kahama, Makambako, hadi Tunduma mpakani. Unguja kanuni hiyo ilikufa siku ileile niliyoshuka botini. Kisiwa chote, kutoka Nungwi kaskazini hadi Makunduchi kusini, mtu anakimaliza kabla hajasikia njaa ya pili. Masafa hayapo, na dereva wa masafa hayupo.

Kanuni ya pili ni kuuliza. Nayo ilinivunja, lakini kwa namna ya upole. Nilimuuliza kijana wa mapokezi, nikamuuliza mwenye duka la simu, nikamuuliza na askari: wapi pana chakula kizuri? Wote walifikiri kidogo, wote wakanielekeza sehemu zenye vitambaa vyeupe. Hawakuwa wananidanganya. Mtu wa Unguja akiulizwa swali lile na mgeni, anajibu kwa heshima ya mgeni, anakupeleka mahali ambapo hataona haya ukisimulia kwenu. Anakokula yeye hakumjii kichwani kabisa, kama ambavyo mimi ukiniuliza Dodoma pana kitu gani cha kutazama siwezi kukutajia mlango wa nyumba yangu.

Siku ya pili nilimbana yule kijana wa mapokezi. Wewe, nikamwambia, wewe mwenyewe, unapenda nini? Akacheka. Urojo, akasema, ule uji mchachu wa manjano unaomwagiwa viazi na bajia. Kuna mama upande wa Kikwajuni, hana mpinzani. Akanipa njia: pita Vuga, shuka, utaona mti, utaona benchi mbili.

Nikaenda saa sita mchana, muda wangu wa kula. Jua limesimama utosini. Mti niliuona, na benchi mbili niliziona, zimeegemezwa ukutani miguu juu. Palikuwa na meza imefunikwa turubai, paka juu ya turubai, na mama mmoja anafagia.

"Asalaam aleikum," nikasema, maana nilishajifunza asubuhi ile kwamba "mambo vipi" kwa mtu mzima hapa inapita hewani haitui.

"Waaleikum salaam."

"Mama, nimeambiwa hapa pana urojo."

Akasimamisha ufagio. Akanitazama viatu, akatazama begi la zana, halafu uso. "Urojo? Saa hizi? Nani kakwambia urojo saa sita?"

"Hakuniambia saa. Kaniambia ni hapa tu."

"Basi kakwambia nusu," akasema, akaendelea kufagia. "Urojo alasiri, mwanangu. Watu wakishatoka kuswali."

Nilirudi kazini na njaa yangu, nikala biskuti nimeegemea kompresa. Nikamsimulia mzee wa stoo wa pale hotelini, mtu wa Ng'ambo, ule upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, nywele mvi tupu, ambaye kazi yake kubwa wiki ile ilikuwa kunishikia tochi. Hakucheka. Alinitazama kama ninavyomtazama mteja aliyeingiza sufuria ya moto ndani ya friji.

"Fundi, wewe wauliza pahala," akasema. "Pahala si kitu. Chakula kina saa yake. Ukija saa siyo, hata penye chakula kizuri kuliko pote utakuta ukuta."

Tangu hapo nilibadilisha swali. Sikuuliza tena wapi. Nilimshika yeyote, muuza vocha, utingo wa daladala, mama aliyekaa barazani na mjukuu, nikauliza: saa hizi watu wanakula nini? Na hapo kila mtu alikuwa na jibu, tena jibu la haraka, na mara nyingi alikuwa ndiyo anaelekea huko.

Alfajiri ndiyo niliyoipenda mapema kuliko zote, labda kwa sababu ndiyo saa ambayo mji haujavaa sura ya wageni. Saa kumi na mbili kasoro pale Malindi, dikoni, samaki wanashushwa na mnada unapigwa kwa kasi ambayo mimi mtu wa Singida nilikuwa nasikia namba tu, maneno mengine sikuyadaka. Hatua chache kutoka hapo watu wamekaa na supu. Supu ya ng'ombe ya kweli, mfupa uliolala motoni usiku mzima, ndimu pembeni, pilipili mbichi, na chapati au mkate wa ajemi wa moto wa kuchovya. Niliagiza chai ya rangi, kijana akauliza, "Ya mkandaa?" Nikadhani ni dawa. Kumbe ndivyo chai kavu inavyoitwa huku. Mkandaa ni ule mkoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu, na ukiitazama chai ile kwenye glasi unaona jina limekaa mahali pake. Saa tatu nilipita tena pale kuchukua kibati nilichosahau: sufuria limekwisha, linasuguliwa kwa majivu, na mwenye supu kashavaa kanzu safi anaondoka. Siku imemwishia wakati ofisi nyingi za serikali hazijafungua faili la kwanza.

Kahawa nayo ina saa zake mbili, asubuhi na baada ya magharibi. Niliinywea Soko Muhogo, pale wanapopaita Jaws Corner, vichochoro vinapokutana na baraza zimejaa wanaume. Kikombe ni kidogo kama kisoda kilichokua, kahawa chungu haina sukari, na kashata ndiyo inakusaidia kumeza. Kelele zilikuwa za mpira na za siasa, kwa zamu. Nilikaa kimya jioni mbili. Ya tatu mzee mmoja akanigeukia, "Na nyinyi huko Dodoma mwasemaje?" Sikuwa na la kusema, lakini aliniongezea kikombe.

Sasa hapa kuna jambo lililonichukua siku kuling'amua, na nadhani ndilo linalowapoteza wageni wengi. Tunafika Unguja tumesikia sifa za pilau, biriani, wali wa nazi na mchuzi wa papa, samaki wa kupaka. Tunavitafuta mikahawani. Tunakula vya wastani, tunaondoka tunasema sifa zilizidi. Lakini fikiria kama mtu wa pale. Pilau anaipika mama yako, mkeo, shangazi yako, na kila mmoja anaamini ya wenzake ina kasoro. Kwa nini utoe pesa ukale pilau ya mtu usiyemjua? Mtu hununua nje kile ambacho nyumbani kina taabu. Urojo una vikorombwezo kumi, ukiupika kwa watu wanne umeumia bure. Mkate wa mofa unataka tanuri lake. Halua inataka mikono ya watu wawili wa kukoroga saa nzima na sufuria kubwa ya kutosha kuoga mtoto. Kahawa inataka watu wa kubishana nao. Ndiyo maana mtaani pana vitu hivyo, na vyakula vya sahani kubwa vimebaki majumbani, isipokuwa kwa wageni na wapangaji wasio na jiko.

Isipokuwa, vilevile, Ijumaa.

Alhamisi jioni mzee wa stoo aliniuliza kama nina chombo. Chombo gani? Hotpoti. Sina. Akanikopesha ya kwake, ya bluu, kifuniko kina ufa, akaandika kwenye kipande cha katoni FUNDI BARA na kukibandika kwa ile plasta ninayofungia nyaya. "Nipe pesa na hotpoti, mengine niachie," akasema.

Ijumaa baada ya swala alinipeleka nyuma ya Mwembeladu, kwenye nyumba isiyo na bango wala meza wala kiti cha mteja. Alama pekee ya biashara ilikuwa barazani: hotpoti zimepangwa safu mbili, labda 30, za kila rangi, nyingine na mabakuli yamefungwa kwa kanga, kila moja na jina lake kwenye karatasi. Watu wanakuja, wanainama, wanasoma, wanachukua yao, wanaondoka. Watoto wametumwa. Mzee mmoja kaja na baiskeli. Anayepika sikumwona; nilisikia sauti tu kutoka ndani, "Hiyo ya kijani bado, msiichukue!" Yangu niliikuta kati ya hotpoti ya Maalim fulani na ya mtu aliyejiandika MIMI TU.

Hakai mle mtu akala. Anachukua na kwenda kwao. Mimi pale sina kwetu, kwa hiyo nilikula kwa mzee wa stoo, kwenye mkeka, na wanawe watatu ambao walinichunguza kama nakula kwa mkono wa kulia. Biriani ya pale, wali unapikwa mbali na rojo lake, na rojo lile lilikuwa na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa rangi ya kahawia na kukaribia kuwa sukari, mtindi, nyama ya mbuzi inayoachia mfupa bila kulazimishwa. Iliki, mdalasini, karafuu ukiziuma kwa bahati mbaya. Nilichelewa kurudi kazini. Kompresa ilisubiri.

Jumamosi nilijaribu kwenda kule nyuma ya Mwembeladu peke yangu, nione tu kama naweza kuagiza tena. Mlango umefungwa, baraza tupu, kuku anatembea. Hakuna anayepita njia ile akajua kwamba jana yake nusu ya mtaa ililishwa kutoka mlango ule. Ukiweka nyota kwenye ramani pale, utaziweka kwenye nini?

Nirudi kwa urojo, maana sijasema kama niliupata. Niliupata siku ileile ya biskuti. Saa kumi hivi, benchi mbili zimesimama kwa miguu yake, zimejaa, na watu wengine wamesimama na mabakuli mkononi. Paka yupo, kahamia juu ya ukuta. Mama aliniona, hakusema kitu, lakini aliinua nyusi kidogo, kama kusema umeiona sasa.

"Miksi?" akauliza.

"Miksi."

Mkono wake ulikwenda bila macho. Viazi vya kuchemsha chini. Bajia za dengu, mbili. Kachori, ambayo huku ni donge la kiazi lenye viungo, akaipasua kwa vidole. Katlesi nusu. Mishkaki miwili, akaivua kwenye kijiti. Halafu juu ya vyote ule uji wenyewe wa manjano, wa unga wa ngano na binzari na embe mbichi na ndimu, moto wa kuunguza. Kisha chatini ya nazi, kisha pilipili, akaninyooshea kijiko cha pilipili hewani na kusubiri niseme basi. Mwisho kabisa konzi ya chipsi za muhogo, nyembamba kama kucha, ambazo lazima uziwahi kabla hazijalowa.

Kwanza unasikia uchachu, unakunja jicho. Kisha nazi inakuja kukupoza, na viazi vinakushibisha, na wakati umeshalegea ndipo pilipili inafika, imechelewa makusudi. Muhogo unaendelea kulia mdomoni kama changarawe. Nilimaliza, nikanyoosha bakuli tena.

Kwa mazoea ya kazi nilitafuta jokofu. Mimi nikiingia mahali pa kula, sikio linasikia kompresa kabla jicho halijaona ubao wa bei. Najua feni ikihangaika, najua mlango usiofunga. Pale hapakuwa na sauti yoyote. Sufuria, jiko la mkaa, ndoo ya maji, basi. Adhana ya magharibi ilipolia sufuria lilikuwa tupu, na mama anakusanya vijiko. Kilichopikwa mchana kimekwisha jioni. Nilikaa pale na mawazo ya ajabu kwa mtu wa kazi yangu: kwamba nimekuja kisiwani kutengeneza mashine ya kufanya chakula kisiwe na saa.

Nilimwambia mzee wa stoo maneno hayo kesho yake, kwa utani. Yeye akayachukua kwa uzito, akanisimulia habari ya kiza. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara. Mwaka 2008 ulikatika kisiwa kizima, ukakaa karibu mwezi. Wakadhani wameona yote. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Mahoteli yaliyoweza yaliendesha majenereta usiku na mchana, moshi na kelele vichochoroni. Wasioweza walimwaga samaki, walimwaga nyama, wengine walifunga. Maji yenyewe yalikuwa taabu kwa sababu pampu nazo zinataka umeme. "Lakini wale watu wako wa jioni," akasema mzee, maana yake mama wa urojo na wenzake, "walipika kama kawaida. Wao jokofu lao ni soko. Asubuhi wananunua, jioni wameuza." Akanipa bisibisi niliyokuwa namwomba muda wote. "Hao hata taa walitumia ya chemli, na watu wakasema urojo umezidi utamu. Uongo, lakini walisema."

Nisieleweke vibaya. Sisemi mikahawa yenye paa na menyu haifai kitu. Mkunazini, karibu na lile kanisa kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, penye mbuyu mkubwa, kuna Lukmaan, na pale nilikula mchana mara mbili bila kujuta. Vyakula viko kaunta, unavitazama, unanyoosha kidole. Watalii wamo, na wenye kanzu wamo, na foleni inasogea. Nadhani siri yake ni hiyo foleni; sufuria halipati nafasi ya kulala. Ni ileile saa, ila wameinunua kwa wingi wa watu.

Na Forodhani? Kila mtu ataniuliza Forodhani. Bustani ni nzuri, bahari iko pale, jioni watoto wa mjini wanaruka majini kutoka ukutani kwa mitindo ambayo peke yake inatosha kiingilio. Nenda. Kula ile wanayoiita pitsa ya Zanzibar, ambayo haina undugu wowote na pitsa: unga unavutwa hadi unaona mkono kupitia kwake, nyama na yai na kitunguu vinawekwa katikati, unakunjwa, unakaangwa mbele yako. Kunywa juisi ya miwa iliyosagwa na tangawizi na ndimu. Ila kabla hujanyoosha kidole kwenye mishikaki ya kamba na ngisi, uliza bei, na uliza imevuliwa lini. Mimi nilitazama jinsi mvuke unavyotoka na nikaamua kunywa juisi ya pili. Ugonjwa wa kazi, huenda.

Pweza nilimpata usiku wa nne, bila kumtafuta. Nilikuwa Michenzani, chini ya yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, nimekwenda kutafuta fyuzi. Saa tatu usiku hivi. Kijana ana meza ndogo, taa ya betri, sufuria, na vijana wamemzunguka wakitaniana yale wanayotaniana wanaume wakinywa supu ya pweza, ambayo sitayaandika kwa kuwa mama yangu husoma hapa. Nikauliza swali langu la siku zote, watu wanakula nini saa hizi, wakacheka sana. Akanipa kikombe cha supu na vipande kwenye kisahani, vimetobolewa vijiti vya meno, chumvi, ndimu, pilipili.

Nilibonyeza kwa kijiti. Nyama ikabonyea, ikarudi.

Kavuliwa leo? Leo, akasema, na kupondwa kapondwa leo. Pweza asipopigwa kwenye jiwe hata umchemshe hadi kesho hakusikilizi. Shilingi 2,000 na chenji nikarudishiwa. Nilifikiria ile bili ya ghorofa ya tatu, nikaagiza kisahani kingine ili nisiifikirie tena.

Jambo moja kwa atakayepanga safari: Ramadhani haya yote yanageuka juu chini. Mchana mji unafunga mdomo, na anayetaka kula hadharani ajue hayuko kwao. Lakini mzee wa stoo ananiambia nirudi mwezi huohuo, kwa sababu magharibi yake ina majimbi, muhogo wa nazi, tambi, mkate wa kumimina, bokoboko la ngano na nyama lililopondwa hadi halijui lipi ni lipi, vyote kwa saa moja. Nimemwambia aitunze hotpoti.

Siku ya mwisho chumba cha baridi kilikuwa kimefika nyuzi tatu na kutulia. Boti yangu ilikuwa ya alasiri, saa kumi. Ukiweka hesabu ya foleni bandarini utaona tatizo: urojo unaanza wakati mimi nimeshakaguliwa mizigo. Nilikwenda Kikwajuni saa nane kumuaga mama tu, au ndivyo nilivyojiambia. Alikuwa ameshawasha jiko, uji ndiyo unaanza kuchemka.

"Boti yako saa ngapi?"

"Saa kumi, mama."

Akaguna. Akatazama sufuria, akatazama jua. Halafu akasema nimpe chombo, na mimi nilichokuwa nacho ni kopo la plastiki la kuwekea nati na chupa ya maji. Kopo akalisugua mara tatu. Vitu vikavu akavipanga mle, muhogo akaufunga mbali kwenye gazeti, na uji wa manjano akaumimina kwenye chupa kwa faneli ya karatasi. Pesa alikataa, nikaiacha juu ya meza, chini ya kijiko cha pilipili.

Nilifungua tulipoiacha bandari, mji umeanza kurudi nyuma, kanisa la Minara Miwili bado linaonekana. Harufu ilijaa safu nzima ya viti. Mama mmoja wa makamo aliyekaa pembeni yangu, buibui na mkoba mkubwa mapajani, aliniangalia nikikoroga kwenye kopo la nati.

"Umenunua wapi huo?"

"Kikwajuni."

"Saa ngapi?"

"Saa nane."

"Saa nane!" Akageuka mzima mzima kunitazama. "Hee, baba, huo haujaiva huo. Kakupa wa kwanza, unga haujakaa."

Nikaonja. Unga ulikuwa haujakaa. Nikamnyooshea kopo, akachukua kachori.